Muulize Shangazi Fundi: "Kila asubuhi Linux inatoweka"

Shangazi Fundi, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 19, nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo. Kwa miezi minne nimekuwa nikiunga kompyuta yangu kidogo kidogo: mazabodi ya H61 iliyotumika, prosesa Core i5-3470, RAM mbili za 4GB, keisi kuukuu ya ofisini, na diski mpya ya SSD ya 240GB. Hadi diski ya 500GB nimeitoa kwenye kompyuta ya marehemu babu, ina Windows 10 na picha zote za familia. Rafiki yangu akaniazima flashi yenye Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, nikaiweka kwenye SSD. Siku ya kwanza nilifurahi kama mtoto wa Idi. Sasa ni mateso. Kila asubuhi nikiwasha, Linux haipo, inakuja Windows, na tarehe inasoma Januari 2012. Nikiingia BIOS, ile mipangilio ya mazabodi yenyewe, na kuhangaika, Linux inarudi, kesho yake imetoweka tena. Nikiwa Windows, saa iko nyuma kwa saa tatu kamili hata baada ya kurekebisha tarehe. Kidude changu cha waifai cha USB hakishiki mtandao, kinajitokeza kwenye Linux kama CD. Picha za babu nazifungua, lakini kuhamisha au kufuta inakataa. Nikiangalia video kama nusu saa, feni inanguruma, mashine inakuwa nzito, halafu inazimika pu! Fundi wa mtaani kasema Linux ni mambo ya wazungu, nimpelekee anipigie Windows ya kuchakachua kwa elfu kumi na tano. Mama anasema hela nimezitupa baharini. Nimsikilize nani?
Kijana wa Makorora, Tanga

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Pembeni ya kila lalamiko nikaandika mwenye kosa ni nani. Malalamiko ni matano. Mazabodi ina lake, weye mwenyewe una lako, Windows ina lake, kidude cha waifai kina lake, na moja wamegawana Windows na Linux. Kwa hiyo katika kesi tano Linux nimeikuta na nusu ya kosa. Ndivyo ilivyo kwa kila anayeiweka mara ya kwanza kwenye mashine ya kuunga: mgeni ndiye anayesingiziwa sufuria iliyovunjika kabla hajafika.

Tuanze na hilo la kutoweka, maana limenifurahisha. Neno lililoniamsha ni "kila asubuhi". Hukuandika "kila nikizima", umeandika asubuhi. Hebu nikisie: usiku kabla ya kulala mama anapita nyumba nzima anazima swichi za ukutani, ya televisheni, ya redio, na ya kwako. Nyumba gani hapa Tanga mama analala bila kupiga doria hiyo? Marehemu mama yangu alikuwa akizima hata ya jokofu ikipiga radi.

Sasa sikiliza. Kompyuta ya mezani ikizimwa lakini swichi ya ukutani ikabaki imewashwa, paua saplai inaendelea kutoa umeme mdogo wa volti 5 kwenye mazabodi. Huo unatosha kulisha saa ya ndani na zile kumbukumbu za BIOS: leo tarehe ngapi, na mashine ianze kuwaka kwa diski ipi. Swichi ya ukutani ikizimwa, mzigo huo unahamia kwenye betri ndogo ya duara kama kifungo cha koti, iliyolala kwenye mazabodi karibu na soketi za kadi. Jina lake CR2032, volti 3. Mazabodi yako ni ya enzi za 2012 na imepita mikononi mwa watu. Betri hiyo imekufa zamani, ila aliyekuuzia hakuwa na sababu ya kuitazama.

Kwa hiyo usiku mama akizima ukutani, BIOS inasahau kila kitu. Asubuhi inaamka na tarehe ya kiwandani na mpangilio wa kiwandani, na kwa mpangilio huo inaanza na diski iliyochomekwa tundu la kwanza. Nina hakika diski ya babu ndiyo umeichomeka hapo, kwa kuwa ndiyo uliyokuwa nayo kwanza. Windows inawaka, weye unadhani Linux imejifuta. Haijaenda popote. Iko kwenye SSD yake inasubiri kuitwa.

Kabla hujatoa hata mia, jaribu hivi: usiku wa leo mbembeleze mama akuachie swichi moja tu. Kesho asubuhi Linux ikiwaka yenyewe, umepata jibu. Kisha nenda kwa wauza saa na betri za rimoti, nunua CR2032. Chomoa waya wa umeme, sukuma kale kaulimi ka chuma kwa bisibisi ndogo, betri kuukuu itaruka yenyewe. Mpya iingie upande wenye alama ya kujumlisha ukiwa juu. Halafu ingia BIOS, kwenye bodi nyingi za mezani ni kitufe cha Delete, panga tarehe, weka SSD iwe ya kwanza, hifadhi. Na ukiwa humo angalia mpangilio wa SATA, yaani namna mazabodi inavyozungumza na diski, usome AHCI, kwa kuwa nao huwa unarudi nyuma betri ikifa.

Lile la kuzimika ndilo lako. Usinune. Hakuna fundi hata mmoja, mie nikiwemo, ambaye kompyuta yake ya kwanza feni ya prosesa ilikaa sawa. Prosesa kama hiyo huja na feni yake ya duara yenye miguu minne ya plastiki. Kila mguu una kipini cheusi katikati na kucha mbili nyeupe chini. Ukikandamiza, kipini kinazitanua zile kucha upande wa pili wa bodi na unasikia mlio, tak. Lazima usikie tak nne. Wengi wanasikia tatu, ule wa nne unaingia kimyakimya na wanadhani nao umeshika. Feni inakaa imeinama kidogo upande mmoja, kiasi ambacho jicho halioni, lakini prosesa inaona. Ukiandika barua haina shida. Ukifungua video inachemka, inajipunguza mwendo ijiokoe, ndiyo hapo unaona nzito, na joto likizidi inajizima isiungue. Imekuokoa hela yako, weye unailaumu.

Toa bodi nje ya keisi. Najua inachosha, lakini ukiacha ndani utakuwa unabahatisha. Igeuze uangalie mgongo wake: miguu mitatu utaona kipini cheusi kimechomoza katikati ya kucha zilizotanuka, wa nne utakuta kucha zimebanana. Huo ndio mchawi. Zungusha kichwa chake kufuata mshale ufunguke, toa feni yote, futa dawa ya kupoozea iliyokauka kwa kitambaa na spiriti mpaka chuma king'ae. Weka mpya kiasi cha punje ya mchele katikati. Punje, mwanangu, siyo kijiko cha uji. Rudisha feni ukikandamiza miguu kwa mkingamo, wa juu kulia kisha wa chini kushoto, halafu miwili iliyobaki. Hesabu tak zako.

Ukimaliza, Linux yenyewe ikupimie homa. Fungua teminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika sudo apt install lm-sensors, ikimaliza andika sensors. Kwa joto letu la hapa, mashine imekaa tu bila kazi ikisoma nyuzi 45 au 50, lala usingizi. Ikisoma 80 na hujafungua kitu, rudi ukatafute ule mguu.

Saa tatu. Hapa ndipo Windows na Linux wamegawana kosa, nami sitampendelea yeyote. Saa iliyo ndani ya mazabodi haijui nchi. Linux ikiikuta inaiandikia saa ya Greenwich, kisha kila inapokuonyesha inajumlisha 3 za Afrika Mashariki. Windows ikiikuta saa ileile inaichukua kama ilivyo, inaamini ndiyo ya Tanga. Basi ukitoka Linux ukaingia Windows unajikuta nyuma saa tatu kamili. Sisi tunapaswa kulielewa hili kuliko watu wengine wote. Mwambie mgeni tukutane saa nne asubuhi, naye aisome kwa saa yake: atakugongea alfajiri saa kumi. Kwa hiyo kumbuka: tarehe ikirudi nyuma miaka, ni betri. Ikirudi nyuma saa tatu, ni hawa wawili hawajakubaliana. Dawa ni amri moja kwenye teminali: timedatectl set-local-rtc 1. Itakuonya kwamba huo si utaratibu mzuri. Onyo hilo lina maana zaidi kwa nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kila msimu, nasi hatuna mambo hayo.

Waifai ni jambo dogo. Vidude vingi vya bei nafuu vimebeba ndani yake CD ya kuigiza yenye draiva za Windows, yaani programu ndogo za kukiendesha, na vikichomekwa vinajitambulisha kama CD kwanza. Ikitokea hiyo picha ya CD, ibofye kitufe cha kulia, chagua kuitoa, kama unavyotoa CD ya kweli. Subiri kama sekunde kumi. Mara nyingi kidude kinageuka kuwa waifai hapohapo. Kikikaidi, usipoteze bando la akili: chukua simu yako ya Android, iunge na kompyuta kwa waya wa chaji, kwenye mipangilio ya simu washa kugawa intaneti kwa USB. Linux itaiona kama waya wa mtandao, bila draiva, bila neno. Kisha sasisha mfumo wote kwa njia hiyo, ila angalia bando la intaneti lenyewe, maana sasisho la kwanza linakula.

Picha za babu: Windows 10 haizimi kweli unapobofya zima. Ina tabia iliyowashwa tangu kiwandani inayoifanya isinzie ili kesho iwahi kuamka, na diski yake inaiacha imefungwa. Linux ikiikuta diski katika hali hiyo inaisoma tu, inakataa kuandika isije ikaharibu. Hapo imefanya adabu. Ingia Windows, shikilia Shift wakati unabofya zima, mara hiyo itazima kweli. Au fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike powercfg /h off, tabia hiyo ife kabisa. Ukirudi Linux, diski itafunguka. Na kitu cha kwanza utakachofanya, kabla ya muziki, kabla ya mapambo ya dirisha, ni kunakili picha zote kwenye flashi au diski nyingine, uipeleke kwa ndugu anayelala nyumba tofauti.

Nina sababu ya kusema hivyo. Mwaka 2007 Ubuntu walikuwa wakituma CD za bure kwa posta dunia nzima. Unajaza anwani, wiki kadhaa baadaye unakuta bahasha kwenye sanduku lako. Yangu ilikuja, nikaona mie ndiye mjanja wa Ngamiani nzima. Kompyuta ilikuwa ya kaka yangu, ina diski mbili, zote za 80GB. Moja tupu, aliniachia nijaribie. Nyingine alikuwa amehamishia taarab kutoka kwenye kaseti zake, Lucky Star, Black Star, kanda moja baada ya nyingine, kazi ya miezi, kila kanda anakaa nayo mpaka imalizike ndipo ageuze upande. Kisakinishaji kikaniuliza nitumie diski ipi. Ukubwa sawa, majina ni herufi tu. Nikachagua. Nikasema endelea. Nikaenda kupika chai.

Kaka hakunigombeza. Alikaa kimya kwenye kiti akasikiliza feni inavyozunguka. Kaseti zilikuwepo bado, lakini nyingine zilikuwa zimeshakatika utepe, hizo hazikurudi. Mpaka leo kwenye harusi, taarab ikipigwa, ananitupia jicho.

Tangu siku hiyo sina mchezo. Nikiweka Linux kwenye mashine yenye diski mbili, nachomoa waya wa SATA wa ile nisiyotaka iguswe. Mwenye laptopu hana nafasi hiyo kirahisi, weye unayo, keisi yako inafunguka kwa skrubu mbili. Weye umebahatika, lakini ukirudia, chomoa. Kuna faida nyingine pia: kile kiprogramu cha kuwashia mfumo nacho huenda kikajiweka kwenye diski ya babu bila kukuuliza, halafu siku ukiitoa diski hiyo Linux haiwaki. Diski ikiwa imechomolewa haiwezi kupata mgeni.

Na flashi ya rafiki. Aliyekuazima alipakua lini, na faili lilifika zima? Mafaili hayo yanakaribia 3GB, na kwa mtandao unaokatika katikati lolote linawezekana. Kwenye ukurasa wa kupakulia Mint wanaweka namba ndefu inayoitwa SHA256. Linganisha na ya faili lako kwa amri sha256sum. Herufi moja ikitofautiana, tupa. Ninaona umeweka moja kwa moja siku ileile uliyoazimwa. Siku nyingine kaa kwanza ndani ya flashi bila kusakinisha: mfumo unawaka wote, waifai unaijaribu, sauti unaijaribu, printa unaijaribu, na diski haijaguswa. Ukizima, hakuna kilichobaki. Mjini kwetu tuna msemo wa waja leo warudi leo, basi flashi hiyo ndiyo yenye kuutimiza.

Sasa fundi wako na elfu kumi na tano zake. Simsemi vibaya, naye anatafuta riziki, nami nimepiga Windows za watu miaka mingi kabla sijachoka. Ila mwulize, atakupigia ipi? Windows 10, Microsoft walimaliza kuipa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda juu na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Yako ni ya kizazi cha tatu. Atailazimisha, na mashine itakubali, lakini itakuwa ni kama kumvalisha mtu kiatu kisicho namba yake: atatembea, usimwambie akimbie. Na hicho kiprogramu cha kuchakachulia hakuna anayejua ndani kimebeba nini, hata yeye.

Mambo ya wazungu? Ni kweli aliyeanza ni mzungu, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, mwaka 1991, kwa ajili ya kompyuta yake mwenyewe ya nyumbani yenye prosesa ya 386. Aliwaambia wenzake ni kazi ya kujifurahisha tu. Ubuntu, ambayo Mint yako imesimama juu yake, ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lenyewe halihitaji kamusi kwa Mbantu, ni utu. Na mama mwambie hivi kwa adabu: kama simu yake ni Android, ndani kabisa ya simu hiyo kuna Linux. Kila picha ya kitchen party anayopokea imepita humo.

Nikuambie pia itakapokuangusha, usije ukasema shangazi alinificha. Photoshop haipo kwa Linux. Michezo kadhaa ya mtandaoni yenye ulinzi dhidi ya wadanganyaji inakataa kabisa. Chuo ukienda wakakudai programu ya Windows tu, utakuwa huna ujanja, ndiyo maana diski ya babu usiifute. Iache na Windows yake, ila mtandao usiipe sana. Hayo mengine kwa RAM ya 8GB utayafanya mpaka uchoke.

Nisubiri matokeo mawili: ya kidato cha sita, na ya ule mguu wa nne.

*

Dada Fundi, habari za kazi. Nina steshenari hapa Muheza, nachapa, natoa kopi, natengeneza kadi za harusi. Kompyuta aliniungia mdogo wangu. Wateja wananiletea flashi zenye virusi, mafolda yao yanageuka shotikati, na mashine yangu inaambukiza za wengine, nimeshagombana na walimu wawili. Nikiweka Linux nitaweza kazi za Word? Kadi napangia kwa Publisher.
Mama Steshenari, Muheza

Nzuri mdogo wangu, pole na walimu. Hao virusi wa shotikati ni wa Windows. Wanaficha mafolda halisi kwa alama ya kufichwa ya Windows, kisha wanaweka shotikati yenye jina lilelile ili mtu aibofye. Linux haiitambui alama hiyo. Ukichomeka flashi ya mwalimu utaona vyote pamoja: mafolda yake yako palepale, na pembeni vishotikati na kafaili kamoja au viwili vyenye majina ya ovyo. Wakati mwingine folda zote zimetumbukizwa ndani ya folda isiyo na jina, usiogope, ifungue. Vifute hivyo vishotikati na vifaili vya ovyo, mrudishie flashi safi. Hapo umepata huduma mpya ya kutoza, na mie sitaki asilimia.

Word: LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika kwenye Linux, inafungua na kuhifadhi docx, yaani mafaili ya Word. Barua, mitihani, CV, hakuna neno. Patakapokuumiza ni faili lenye majedwali ndani ya majedwali na picha zinazoelea, mstari unaweza kuruka ukurasa. Mteja akileta kazi ya kuprinti tu, mwombe PDF, mambo yanakwisha. Hati iliyoandikwa kwa Calibri, hakikisha fonti ya Carlito ipo, vipimo vya herufi zake vimelinganishwa na Calibri ili mistari isihame.

Kadi za Publisher ndizo zinazonifanya nisikuambie uhame leo. LibreOffice Draw inajaribu kufungua mafaili hayo, lakini maua yanahama, jina la bwana harusi linaweza kumpanda bibi harusi kichwani. Kadi mpya anza kuzipanga kwa Inkscape au Scribus, utalalamika wiki mbili. Za zamani acha mashine nyingine ya Windows iziangalie, isiyopokea flashi za watu. Printa ijaribu kwanza kwa Linux ya kwenye flashi kabla ya kuweka chochote. Nyingi za HP zinakubali zenyewe, lakini leza kuukuu za aina nyingine nyingine zimenitoa jasho.

*

Fundi, mimi ni mwalimu mstaafu wa Pangani. Nimesikia Linux ni bure. Je, ipo kwa Kiswahili? Macho yangu na Kiingereza cha kompyuta havipatani.
Mwalimu Mstaafu

Shikamoo mwalimu. Ipo, ila kwa vipande. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Kazi kama hiyo hufanywa na watu wa kujitolea, kwa hiyo leo ukichagua Kiswahili kwenye mipangilio ya lugha utapata menyu chotara, mstari mmoja Kiswahili, wa pili Kiingereza. Wengine inawachanganya zaidi kuliko Kiingereza kitupu.

Kwa macho, ingia mipangilio ya fonti, ongeza ukubwa wa maandishi kutoka 1.0 hadi 1.3, uniambie. Kama mashine yako ina RAM ya 4GB au pungufu, chukua Mint ya Xfce, ni nyepesi. Na ukikutana na tafsiri iliyokuudhi, mwalimu, wanaoitengeneza wanapokea masahihisho. Kalamu nyekundu unayo bado?